Lugha ya Kudukiza: Historia ya Lenzi Zilizokataliwa na Kamera

Ichukue lenzi ya Sigma ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za Canon EOS, uigeuze uitazame upande wa nyuma. Utaona pete ya chuma yenye masikio matatu. Ndani ya pete hiyo, kwenye ukingo, kuna safu ya vipande vidogo vya shaba vilivyopakwa dhahabu, vyembamba mithili ya punje za mchele. Ipachike sasa kwenye kamera ya kidijitali ya Canon. Inaingia, inazunguka, inajifunga kwa mlio ule ule ambao lenzi yoyote ya EOS huutoa. Ukibonyeza kitufe nusu, mota ya lenzi inanguruma, inatafuta fokasi na kuipata. Kila kitu kinakwenda sawa. Kisha unafunga tundu la mwanga hadi f/8, unabonyeza kitufe mpaka chini, na kamera inaganda. Kwenye kioo chake kidogo yanatokea maandishi: Err 99. Picha hakuna.

Ujumbe huo humtaka mwenye kamera aizime, atoe betri na kuirudisha. Anafanya hivyo, kamera inaamka, anabonyeza tena, inaganda tena. Kwenye kamera za miaka ya baadaye ujumbe wenyewe umekuwa Err 01, unaosema kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, na kumshauri asafishe vile vipande vya shaba. Watu wamevisugua kwa kitambaa, kwa spiriti, hata kwa kifutio cha penseli, mpaka vikang'aa. Hakikubadilika kitu, maana uchafu haukuwa tatizo. Vioo vya lenzi ni safi, mota ni nzima, tundu linafunguka na kufunga vizuri likipewa amri linayoielewa. Kilichopotea ni maelewano. Kamera inasema neno ambalo lenzi haikuwahi kulisikia.

Mambo hayakuanza hivyo, ingawa tatizo la lenzi kutokubaliana na kamera lina umri sawa na lenzi za kubadilisha zenyewe. Kampuni ya Ernst Leitz ya mjini Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuiuza Leica mwaka 1925, kamera ndogo aliyoibuni Oskar Barnack, na lenzi yake ilikuwa imeshikizwa moja kwa moja. Mwaka 1930 likatoka toleo ambalo lenzi yake ilifunguka kwa skrubu ya milimita 39. Lakini umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye filamu ulitofautiana kidogo baina ya kamera moja na nyingine, na tofauti ya unywele tu hutosha kuitia picha ukungu. Kwa hiyo mafundi wa kiwandani walizioanisha lenzi na kamera mojamoja, na lenzi ikachorwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya kamera yake. Ilikuwa ndoa ya mke mmoja. Lenzi ya kamera yako hukuweza kumwazima jirani mwenye kamera kama yako, ya kiwanda hicho hicho, iliyotengenezwa mwezi huo huo.

Mwaka 1931 Leitz ikaweka kipimo kimoja kwa kamera zote, milimita 28.8, na kamera zilizotimiza kipimo hicho zikagongwa sifuri ndogo kwenye pete ya lenzi. Sifuri ile naiheshimu sana. Tangu siku hiyo mtu yeyote aliyekuwa na mashine nzuri ya kukereza chuma aliweza kupima pete, kupima umbali, akatengeneza lenzi yake na ikakubali. Hakuhitaji ruhusa wala siri. Kipimo kilikuwa wazi mbele ya macho, kwenye chuma chenyewe.

Kipimo kilichoenea kuliko vyote kilizaliwa Dresden. Kamera ya Contax S ya 1949 ilikuwa na skrubu ya milimita 42, na skrubu hiyo ikachukuliwa na Praktica za Ujerumani Mashariki, kisha Pentax za Japani kuanzia 1957, na baadaye Zenit za Urusi ya Kisovieti. Mafundi na wapigapicha wakaizoea kwa jina la M42. Hata hivyo kipimo kilicho wazi nacho kina mtego wake. Mwaka huo wa 1957 kampuni ya Tamron ya Japani ilileta kiungio chake cha lenzi na kamera, maunti ya T, ambayo ni pete unayoibadilisha ili lenzi moja iweze kukaa kwenye kamera za aina nyingi. Nayo kipenyo chake ni milimita 42. Ukizilaza pete hizi mbili mezani macho yako hayaoni tofauti. Lakini meno ya skrubu ya M42 yameachana kwa milimita 1, na ya T kwa milimita 0.75. Ukijaribu kuvikaza pamoja, vinaanza kuingia kana kwamba kimoja kimeumbwa kwa ajili ya kingine, halafu baada ya mzunguko mmoja hivi vinakwama. Anayelazimisha huharibu meno ya vyote viwili. Somo hilo lilikuwa chungu, lakini mkono uliligundua papo hapo. Chuma hakidanganyi.

Tamron ilikuwa imeanza mwaka 1950 kwa jina la Taisei, na Tokina ilianza mwaka huo huo. Sigma ilikuja mwaka 1961, ikianzishwa na Michihiro Yamaki, kijana aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30. Kampuni hizi tatu ndizo zilizoibeba biashara ya lenzi za nje, yaani lenzi zisizotengenezwa na kampuni ya kamera. Mpigapicha wa gazeti la mji mdogo au wa harusi za mtaani, ambaye bei ya lenzi ya Nikon au ya Canon ingemaliza akiba yake yote, aliipata lenzi ya Sigma au ya Tamron kwa bei anayoimudu na akaendelea na kazi. Mwaka 1973 Tamron ikaleta mfumo wake wa Adaptall. Ulinunua lenzi mara moja, na ukihama kutoka kampuni moja ya kamera kwenda nyingine, ulinunua pete tu. Sijui kama kuna mtengenezaji mwingine aliyewahi kuuheshimu mfuko wa mteja kiasi hicho.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu lenzi na kamera zilizungumza kwa vyuma: kijiti kinachosukumwa, kijino kinachozunguka, mkono mdogo unaoteleza. Nikon ilipobadilisha mwaka 1977 namna kamera inavyosoma tundu la lenzi, lenzi zake za kabla ya hapo ziliweza kuvunja kijino kwenye pete ya kamera mpya ukizipachika bila kuzichonga kwanza. Mafundi wengi walizichonga. Tupa ya chuma na uangalifu vilitosha.

Umeme ndio uliokatiza mazungumzo hayo.

Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera iliyoitwa 7000, na ndani ya mwili wake mlikuwa na mota ya kuzungusha lenzi hadi ipate fokasi yenyewe. Washindani walishtuka. Canon ilikuwa na mamilioni ya wateja waliomiliki lenzi za maunti yake ya FD ya mwaka 1971, na kila mtu alitarajia itafute njia ya kuziokoa lenzi hizo. Haikufanya hivyo. Machi 1987, mwaka ilipotimiza miaka 50, Canon ilizindua EOS 650 ikiwa na maunti mpya kabisa ya EF, pana, kipenyo cha milimita 54, isiyo na kijiti wala kijino hata kimoja. Mota iliwekwa ndani ya kila lenzi. Tundu la mwanga nalo likafungwa kwa sumaku ya umeme iliyomo ndani ya lenzi. Kila amri ilipita kwenye ile safu ya vipande vya shaba.

Wenye lenzi za FD waliumia. Walijikuta na makabati ya vioo vizuri ambavyo kampuni yao yenyewe ilikuwa imevipa mgongo, kwani maunti ya FD ilikaa milimita 42 kutoka kwenye filamu na ya EF milimita 44. Lenzi ya zamani ikipachikwa kwenye kamera mpya iliona vya karibu tu, milima na upeo wa macho vikabaki ukungu. Pamoja na machungu hayo, nakiri kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kihandisi na ulikuwa sahihi. Ulijengwa kwa ajili ya miaka mingi ijayo. Lenzi ya Canon ya EF iliyotoka 1987 bado inafanya kazi leo kwenye kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani, kwa adapta tu.

Kamera na lenzi zilianza sasa kuzungumza kwa tarakimu. Kamera huuliza: wewe ni nani? Lenzi hujibu kwa namba. Kamera huagiza: sogeza kioo hatua hizi, funga tundu kiasi hiki, fungua. Canon ilikuwa na orodha kamili ya amri hizo, ambazo nyingine zilitumiwa na kamera za wakati ule na nyingine ziliwekwa akiba kwa kamera ambazo zilikuwa hazijabuniwa. Orodha hiyo kampuni za nje hazikupewa.

Zikafanya nini? Zilidukiza. Wahandisi waliweka vifaa vya kupimia katikati ya kamera ya Canon na lenzi ya Canon, wakasikiliza yanayosemwa, wakayaandika, wakatengeneza chipu inayojibu vivyo hivyo. Ni kazi ya akili nyingi, na sioni aibu ndani yake. Lakini anayejifunza lugha kwa kudukiza hujifunza yale tu yaliyosemwa siku alipokuwa amejificha mlangoni. Mfikirie mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza wachuuzi sokoni peke yake. Atajua bei, punguza, chukua, leta chenji. Atanunua na kuuza, na utadhani anakijua. Mpeleke msibani, umwambie atoe pole kwa wafiwa, atasimama pale akikutazama.

Lenzi za Sigma za miaka ile zilikuwa hivyo. Zilikwenda vizuri kabisa na kamera za filamu zilizokuwa sokoni zilipotengenezwa. Kisha zikaja kamera za kidijitali: EOS D30 mwaka 2000, EOS 10D na EOS 300D mwaka 2003. EOS 300D ndiyo iliyowafungulia mlango watu wengi wa kawaida, kwa kuwa huko Marekani bei yake ilianzia chini ya dola 1,000. Watu walihama kutoka kwenye filamu wakiwa na lenzi zao mkononi, wakiamini maunti ni ile ile. Ilikuwa ile ile kweli. Ila kamera mpya zilianza kutumia amri ambazo kamera za 1990 hazikuwa zikizitumia. Lenzi za Canon ziliwekewa amri hizo tangu mwanzo na zikatii. Zile zilizodukiza hazikuwa nazo.

Pahali palipokwama zaidi ni tundu la mwanga. Ndiyo maana lenzi hizi zina tabia inayomchanganya mtu: ukiacha tundu wazi mpaka mwisho, picha inapigwa bila shida, kwa vile kamera haina haja ya kuagiza lifungwe. Ukifunga hata hatua moja, Err 99. Mfano unaojulikana zaidi ni Sigma 400mm f/5.6 APO, lenzi ndefu ambayo wapiga picha za ndege waliipenda kwa ukali wa vioo vyake na wepesi wa bei. Matoleo yake ya zamani yamebaki yakiuzwa kwa fedha kidogo mpaka leo, na aliyekubali kupiga kwa f/5.6 pekee huendelea kupata picha nzuri. Lenzi za Tokina na za Tamron hazikuepuka kabisa masaibu ya namna hii, ila jina la Sigma ndilo lililotajwa zaidi.

Sigma haikukimbia, na hilo nataka lisemwe. Ilikubali kuzipokea lenzi hizo kwenye karakana zake, kutoa chipu ya zamani na kuweka mpya iliyojua maneno zaidi, mara nyingi bila malipo hata kwa mtu aliyenunua lenzi mkono wa pili. Ilidumu hivyo kwa miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba chipu ya kila lenzi ilikuwa na hesabu zake, na za lenzi zilizokwisha kuacha kutengenezwa ziliisha bohari moja baada ya nyingine. Aliyeuliza mapema alisaidiwa. Aliyechelewa aliambiwa chipu za lenzi yake hazipo tena. Wapo mafundi wa elektroniki waliofungua lenzi zao wenyewe na kuweka kati ya shaba na chipu kompyuta ndogo ya kutafsiri, inayolipokea neno jipya la kamera na kulisema kwa lenzi kwa neno la zamani. Mkalimani ndani ya bomba la lenzi! Kazi hiyo inahitaji mkono usiotetemeka, na haiwezi kutegemewa na mpigapicha wa kawaida.

Kudukiza kuliacha alama nyingine ambayo unaweza kuiona bila kushika lenzi. Kamera ilipouliza "wewe ni nani?", lenzi ya nje haikuwa na namba ya ukoo wake, kwa hiyo ilitaja namba ya lenzi ya Canon. Namba 10, kwa mfano, ni ya Canon 50mm f/2.5 ya kupigia vitu vidogo, lakini lenzi kadhaa za Sigma nazo hujitambulisha kwa namba 10. Programu za kusoma taarifa za picha zimelazimika kuweka orodha ndefu za majina chini ya namba moja na kukisia ni yupi kwa kupima urefu wa fokasi wa lenzi na ukubwa wa tundu. Kwa miaka mingi jina hilo la kuazima halikumdhuru mtu. Halafu kamera za Canon zikaanza kurekebisha zenyewe kasoro za vioo, kila lenzi kwa hesabu yake, na lenzi iliyojitambulisha kwa jina la mwingine ikapewa dawa ya mwingine. Ikabidi Sigma iwashauri watumiaji wa baadhi ya kamera hizo wazime kabisa marekebisho hayo.

Jambo hili halikuwa la Canon pekee. Novemba 2013 Nikon ilitoa D5300, na Sigma ikatangaza kwamba baadhi ya lenzi zake za maunti ya Nikon hazikufanya kazi sawasawa kwenye kamera hiyo. Safari hii, hata hivyo, dawa ilikuwa nyepesi zaidi. Michihiro Yamaki alikuwa amefariki Januari 2012, na mwanawe Kazuto Yamaki alikuwa ameshika usukani. Chini yake Sigma ilileta lenzi za kizazi kipya ambazo programu yake ya ndani hubadilishwa bila kufungua hata skrubu, na mwaka 2013 ikauza kifaa kidogo cha duara cha kuunganisha lenzi na kompyuta nyumbani. Kamera ikileta neno jipya, unaifundisha lenzi yako usiku huo huo. Kifaa hicho hakizisaidii lenzi za 1990. Zile zilipewa maneno yake mara moja tu, kiwandani.

Ukarimu ulipatikana kwingine. Februari 2011 Sony ilitangaza kuzifungulia kampuni za nje siri za msingi za maunti yake ya E bila malipo, na wingi wa lenzi zilizofuata ndio ulioifanya kamera yake ipendwe. Septemba 2018 Leica, Panasonic na Sigma zikaungana kwenye maunti ya L. Canon ikaenda upande wa pili. Ilizindua maunti ya RF mwaka 2018, na mwaka 2022 kampuni ya Viltrox ya China ikaacha kuuza lenzi zake za fokasi ya otomatiki za RF baada ya Canon kudai haki zake za hataza. Mwaka 2024 tu ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za RF kwa leseni ya Canon yenyewe, zikianza na zile za kamera za sensa ndogo. Naziona leseni hizo ni nafuu kwa mnunuzi. Anayefundishwa lugha na wenyewe hakwami msibani.

Na sasa tazama jambo linaloniuma. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina nafasi fupi sana kati ya pete na sensa: milimita 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony E, 16 kwa Nikon Z. Kwa ufupi huo karibu kila lenzi ya chuma ya zamani hukaa juu yake kwa adapta isiyo na waya wowote. Lenzi ya skrubu ya M42 ya 1965, yenye pete ya tundu unayoizungusha kwa vidole, inapiga picha leo kwenye kamera ya 2024, kwa f/2, f/8 au f/16 upendavyo. Zile FD zilizotupwa mkono mwaka 1987 zimefufuka na bei yake imepanda. Lakini lenzi ya Sigma ya EOS ya 1992, iliyo changa kwa miaka karibu 30 kuliko ile ya skrubu, haina pete ya tundu. Tundu lake hungoja amri ya umeme, na amri inayolifikia ni ya lugha ngeni. Kioo kizuri kimefungwa ndani ya kinywa kisichoelewa.

Lawama ya kwanza naiweka kwa kila mtengenezaji aliyeondoa pete ya tundu bila kuacha njia nyingine ya mkono. Lawama ya pili ni kwa mauzo yaliyofanywa bila mnunuzi kuambiwa kwamba maneno ya lenzi yake yaliokotwa, hayakutolewa.

Wewe unayetaka kununua lenzi kama hii mkono wa pili, iwe Kariakoo, Luthuli au kwa rafiki, nenda na kamera yako mwenyewe. Usiridhike na mlio wa fokasi, wala na picha moja iliyopigwa tundu likiwa wazi. Funga tundu hadi f/8 na ubonyeze kitufe mpaka chini, mara tatu. Ikipiga zote tatu, lipa.